Maswali ya Wasomaji: Wati za kwenye kibandiko na wati unazozipata

Safari hii tumeweka pamoja maswali yanayohusu hesabu za volti, ampea, omu na wati. Kwa wasomaji wa Tanzania tumepiga hesabu kwa volti 230, na kwa wa Kenya volti 240, kwa kuwa ndizo volti rasmi za nchi hizo. Ukiwa na kikokotoo cha simu, fuatana nasi.

Kanuni mbili zinapingana

*Shikamooni walimu. Niko kidato cha tatu. Kitabu kinasema P = I²R, kwa hiyo ukinzani ukiongezeka, joto linaongezeka. Ukifungua ukurasa unaofuata kinasema P = V²/R, kwa hiyo ukinzani ukiongezeka, joto linapungua. Nishike ipi? – Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Shika zote mbili, maana zote ni kweli, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Msingi ni kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: V = I × R. Volti ni sawa na ampea mara omu. Nguvu, yaani wati, ni volti mara ampea: P = V × I. Hizo kanuni mbili zinazokusumbua hazina kitu kipya ndani yake. Ukitoa V kwenye P = VI na kuweka IR mahali pake, unapata I²R. Ukitoa I na kuweka V/R, unapata V²/R.

Kinachoamua ni hiki: katika sakiti uliyonayo, ni kitu gani kimeshikiliwa kisibadilike? Vifaa vya nyumbani vimeunganishwa sambamba, kila kimoja kinapewa volti zilezile 230. Hapo volti ndizo zilizoshikiliwa, kwa hiyo tumia V²/R: koili yenye omu chache ndiyo yenye wati nyingi. Lakini vitu vilivyofuatana kwenye waya mmoja, yaani waya wenyewe, kiungo, pini ya plagi na koili, vyote vinapitiwa na mkondo uleule. Hapo mkondo ndio ulioshikiliwa, kwa hiyo tumia I²R: chenye omu nyingi ndicho kinachochemka zaidi.

Chukua koili mbili za volti 230, moja ya wati 1000 na nyingine ya wati 500. Ukinzani wa ya kwanza ni 230 × 230 ÷ 1000 = omu 52.9. Wa ya pili ni omu 105.8. Kila moja kwenye soketi yake, ya wati 1000 inachemka zaidi. Sasa ziunganishe kwa mfululizo. Jumla ni omu 158.7, mkondo ni 230 ÷ 158.7 = ampea 1.45. Koili ya "wati 1000" inapata 1.45² × 52.9 = wati 111, na ile ya "wati 500" inapata wati 222. Ndogo imekuwa kubwa. Kwenye mtihani, kabla hujachagua kanuni, andika pembeni: "volti moja" au "mkondo mmoja". Na kama umepewa miliampea, gawanya kwa 1000 kwanza. Hapo ndipo alama nyingi hupotea bure.

Umeme mdogo, birika linachelewa

*Habari za kazi. Jioni umeme wetu unashuka hadi volti 180, nimepima. Birika la umeme linachukua muda mrefu kuchemsha maji. Jirani anasema umeme ukiwa mdogo birika huvuta ampea nyingi zaidi na LUKU inaisha haraka. Ni kweli? Kibandiko chake kinasema 220–240 V, 1850–2200 W. – Msomaji, Kibaha*

Jirani yako amechukua jambo la kweli kuhusu mota akalipeleka kwenye birika, ambako si kweli.

Kibandiko chako kina siri nzuri. Watu wengi hudhani 1850–2200 ni kiwanda kutokuwa na uhakika. Piga hesabu: 220² ÷ 1850 = omu 26.2. Kisha 240² ÷ 2200 = omu 26.2. Ni koili moja, ukinzani mmoja. Wati zimetofautiana kwa sababu volti zimetofautiana. Kwa hiyo kwenye kifaa cha koili, namba ya kudumu si wati, ni omu. Tafuta omu kwa kibandiko, kisha tumia volti zako halisi.

Kwa volti 230 birika linavuta 230 ÷ 26.2 = ampea 8.8 na kutoa wati 2019. Kwa volti 180 linavuta ampea 6.9 tu, na wati ni 180² ÷ 26.2 = 1237. Angalia vizuri: volti zimepungua kwa asilimia 22, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 39, kwa sababu volti zinajizidisha zenyewe.

Muda nao unahesabika. Lita 1.5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinahitaji 1.5 × 4.2 × 75 = kilojuli 472.5 (4.2 ni kilojuli za kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja). Zidisha kwa 1000 upate juli, kisha gawanya kwa wati: kwa volti 230 ni sekunde 234, karibu dakika 4. Kwa volti 180 ni sekunde 382, dakika 6 na ushei.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: yuniti moja (kWh 1) ni kilojuli 3600, hivyo maji hayo yanataka yuniti 0.131 iwe umeme ni mkubwa au mdogo. Kinachoongezeka ni joto linalopotea kwenye ubavu wa birika kwa zile dakika mbili za ziada, kiasi kidogo. Ukitaka kuokoa yuniti, chemsha maji unayoyahitaji tu; lita moja ikizidi bila kazi ni karibu yuniti 0.09 zimetupwa.

Ampea huongezeka volti zikishuka kwenye mota iliyobeba mzigo, na kwenye vifaa vya kielektroniki vinavyolazimisha wati zisibadilike, kama televisheni za kisasa na friji za inveta. Hivyo ndivyo vya kuvionea huruma jioni, siyo birika.

Waya wa dukani: shaba kweli?

*Ndugu wahariri, nina duka la vifaa vya umeme. Naletewa roli za waya wa milimita za mraba 2.5 kwa bei ya chini mno. Multimita yangu kwenye omu inaonyesha 1.1, kisha 0.9, kisha 1.3. Nitautambuaje waya hafifu? – Mwenye duka, Mwanza*

Multimita ya kawaida haifai kwa omu chini ya 2 au 3. Nyaya zake zenyewe za kupimia zina omu 0.2 hadi 0.5, na ncha zikigusa vibaya namba inarukaruka, kama ulivyoona. Pima ukinzani kwa njia ya zamani: pitisha mkondo, pima volti, gawanya.

Tafuta betri ya gari ya volti 12 na balbu ya indiketa ya wati 21. Unganisha kwa mfululizo: chanya ya betri, balbu, mwanzo wa roli, mwisho wa roli, hasi ya betri. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na chanya. Acha balbu iwake dakika moja itulie. Weka multimita kwenye ampea, tundu la 10 A, ndani ya mfululizo, uandike mkondo. Utakuwa karibu ampea 1.6. Rudisha multimita kwenye volti, hamisha na waya wake mwekundu urudi tundu la volti, uunge sakiti upya, kisha gusa miisho miwili ya roli. Gusa shaba ya waya unaoupima, usiguse klipu, la sivyo utapima na klipu pia.

Shaba imara ya 2.5 haitakiwi kuzidi omu 7.41 kwa kilomita katika nyuzi 20, yaani omu 0.74 kwa roli ya mita 100 kamili. Duka likiwa na joto la nyuzi 32 ukinzani unapanda kidogo, kwa hiyo kubali hadi 0.78. Ukipata volti 1.2 kwa ampea 1.6, ni omu 0.75: waya mzuri. Ukipata volti 1.8, ni omu 1.13. Waya huo ama ni alumini iliyopakwa shaba, ama ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Kwangua waya kwa kisu: rangi nyeupe ndani inamaliza ubishi. Kama ni shaba tupu lakini namba iko juu, ni mwembamba, na urefu nao ukague, kwa sababu roli fupi huficha wembamba. Mita 90 za waya hafifu zinaweza kusomeka kama mita 100 za waya mzuri.

Waya wa namna hiyo usiuuze kwa jina la 2.5. Fundi ataufungia breka ya ampea 20 akiamini namba iliyochapwa kwenye ganda.

Plagi imeyeyuka, breka haikuzima

*Salaam. Plagi ya birika imeyeyuka upande mmoja na soketi imekuwa ya kahawia. Breka na fyuzi ya plagi havikukatika. Tunatumia ekstensheni ya mita 30 iliyoviringwa kwenye gurudumu lake. – Msomaji, Tanga*

Fyuzi na breka zinahesabu ampea, na ampea hazikuzidi. Tatizo ni omu zilizojificha mahali padogo.

Pini ya plagi inapaswa kubanwa kwa nguvu na chuma cha ndani ya soketi. Kikilegea, au kikiingia kutu, mguso huo unaweza kuwa na nusu omu. Kwa mkondo wa ampea 8.7, joto lake ni 8.7² × 0.5 = wati 38. Hizo ni wati za solda ya fundi redio, zimefungiwa ndani ya plastiki. Birika halioni tofauti: limepoteza volti 4 tu kati ya 230. Na joto likishalegeza chuma, mguso unakuwa mbaya zaidi, omu zinapanda, joto linapanda. Ndiyo maana soketi iliyoanza kubadilika rangi haiponi yenyewe.

Badilisha vyote viwili, plagi na soketi. Ukiweka plagi mpya kwenye soketi iliyochoka, utarudi dukani baada ya wiki chache. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, kwa sababu iliyoungua nyeusi haigusi vizuri. Usipake risasi ncha za waya unaobanwa kwa skrubu. Risasi ni laini, inakimbia taratibu chini ya skrubu na kiungo kinalegea tena. Sokota nyuzi za shaba zikiwa kavu, kunja mara mbili, kaza.

Sasa ekstensheni. Nyingi za bei nafuu ni za milimita za mraba 0.75, omu 26 kwa kilomita. Mita 30 kwenda na 30 kurudi ni mita 60, omu 1.56. Ukiongeza birika la omu 26.2, jumla ni 27.76, mkondo ni ampea 8.3. Waya peke yake unakula volti 13 na kutoa wati 107. Ukiutandaza sakafuni, joto hilo linagawanyika kwenye mita 30 na hutalihisi. Ukiuacha kwenye gurudumu, wati 107 zimekaa ndani ya mviringo unaoshikika kwa mikono miwili, tabaka la ndani halina pa kupumulia, na ganda linaanza kulainika. Fungua ekstensheni yote kabla ya kuchomeka kitu cha koili, au nunua ya 1.5, ambayo kwa urefu huo itatoa wati 58. Kwa birika lenyewe, soketi ya ukutani ni bora kuliko ekstensheni yoyote.

Jaribio rahisi: tumia kifaa dakika tano, zima swichi, chomoa, shika pini kwa uangalifu. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuzishika, usichomeke tena hapo.

Shawa ya umeme na breka ya 20

*Hamjambo. Shawa yetu ni 5400 W, 220 V. Breka ya 20 huanguka mtu akishakaa bafuni robo saa. Fundi anataka kuweka ya 32. Waya ni 2.5. – Msomaji, Mombasa*

Hatujambo. Tafadhali mzuie fundi kwanza, msikilizane juu ya waya.

Omu za shawa ni 220² ÷ 5400 = 8.96. Kwa volti 240 za kwenu inavuta 240 ÷ 8.96 = ampea 26.8 na kutoa wati 6429, siyo 5400. Breka ya 20 inayobeba 26.8 imezidiwa kwa theluthi moja. Breka haianguki papo hapo kwa mzigo huo. Kile kipande cha metali mbili ndani yake kinahitaji dakika kadhaa kipate joto na kujikunja. Kwa hiyo breka yenu ni nzima kabisa.

Waya wa 2.5 ndani ya bomba ukutani hubeba karibu ampea 24 katika mazingira mazuri, na pungufu yake ukipita juu ya dari chini ya mabati. Ukiweka breka ya 32 kwenye waya huo, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinaulinda. Shawa itafanya kazi, watu watafurahi, na waya utakuwa unapikwa ndani ya dari kila asubuhi. Vuteni waya mpya wa 6 kutoka kwenye boksi moja kwa moja hadi kwenye shawa, bila kugawana na soketi nyingine. Hapo ndipo breka ya 32 inaruhusiwa. Waya wa ethi, yaani wa kwenda ardhini, lazima uwepo na uwe umefungwa kweli, pamoja na breka ya kinga ya mshtuko ya miliampea 30. Maji, koili na mtu asiye na viatu viko mahali pamoja.

Multimita imelipuka

*Niliweka multimita kwenye 10 A nikaingiza waya zake kwenye soketi nijue soketi ina ampea ngapi. Ililipuka. – Kijana fundi, Dodoma*

Pole sana. Shukuru kwamba ni chombo kilichoumia. Soketi haina ampea za kupima, ina volti. Ampea hutokea pale kifaa kinapochomekwa. Multimita kwenye tundu la 10 A ina ukinzani wa sehemu ndogo mno ya omu, ni sawa na kipande cha waya. Ulichofanya ni kuunganisha laivu na nyutro. Hata kama nyaya zote kuanzia transfoma zingekuwa na omu 1, mkondo ni ampea 230.

Volti hupimwa kwa kugusa ncha mbili za kifaa, ampea kwa kukata waya na kuweka mita katikati. Kwa umeme wa nyumba acha kabisa kukata: tumia klampu mita, yaani mita yenye taya za kushika waya kwa nje, uizungushe kwenye waya mmoja tu. Ukiuzungushia kebo yote, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na utasoma sifuri. Na omu usizipime kamwe kwenye kifaa kilichochomekwa.

Friji inanikataa

*Nimepima mota ya friji nikapata omu 20. 230 ÷ 20 ni ampea 11.5, lakini klampu mita inasema 1.0. Nani anaongopa? – Msomaji, Arusha*

Hakuna anayeongopa. Omu 20 ni za shaba peke yake. Umeme wa nyumbani unabadilisha mwelekeo, na koili iliyozungushwa kwenye chuma inaupinga kwa sumaku yake. Mota ikishazunguka, inazalisha volti zake zenyewe zinazokabili zile za laini. Kwa hiyo V ÷ R haitoi mkondo wa mota inayozunguka. Inakaribia ukweli pale tu mota inapoanza au ikikwama, na ndiyo sababu mota iliyokwama huungua haraka.

Hata wati usizichukue kwa 230 × 1.0. Hiyo 230 ni volti-ampea. Zidisha kwa pawa fakta, yaani sehemu ya volti-ampea inayofanya kazi kweli. Kama kibandiko kinasema 0.6, basi ni wati 138, na mita ya LUKU inahesabu hizo 138. Ukinunua inveta ya sola, lakini, ichague kwa zile ampea za kuanzia, ambazo ni mara kadhaa ya ampea 1.0. Kipimo cha omu 20 si kazi bure: kesho ukikipata kimekuwa 3, koili imeungana ndani, kikiwa hakisomi kitu, imekatika, au swichi ya joto iko wazi. Subiri ipoe upime tena.

Wati bila kufungua kitu

*Kuna njia ya kujua wati za kifaa bila klampu mita? – Msomaji, Iringa*

Ipo, na ni salama kuliko zote. Tazama mita yako ya umeme: kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mipepeso kwa yuniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja. Hesabu sekunde za mipepeso 10, ukianza na sifuri kwenye mpepeso wa kwanza. Kisha: wati = 3,600,000 × 10 ÷ (namba ya mita × sekunde).

Pasi iliyoandikwa wati 1000, mita ya 1000, mipepeso 10 ndani ya sekunde 45: 36,000,000 ÷ 45,000 = wati 800. Pasi haijaharibika. Omu zake ni 230 × 230 ÷ 1000 = 52.9, na kipeo cha pili cha volti kwa saa hiyo kilikuwa 800 × 52.9 = 42,320; tafuta kipeuo chake, ni volti 206. Umepima na volti za nyumba yako bila kugusa waya. Pima pasi ikiwa ndiyo kwanza inapata moto, kabla taa yake haijazima. Ikishafika kiwango swichi ya joto hukata na kuwasha, na hesabu yako itatoka ndogo.